Kopo Jeupe la Idi

Banjarmasin, 11 Februari 2019

Mama mdogo Arbayah,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako haipatikani, wiki ya tatu sasa. Nahodha wa boti ya abiria ameniambia ilikutumbukia mtoni. Nimempa barua hii akuletee.

Kwanza hongera. Habari ya posa nimeipata kwa binti wa duka la vitambaa, si kwako, na nimeumia kidogo. Haji Sarkani namkumbuka: yule mgane wa Martapura anayesugua almasi, mwenye kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni hata msikitini. Baada ya miaka kumi na minne ya ujane na ya kunilea mimi, mtoto wa marehemu dada yako, unastahili mtu wa kukuchotea maji.

La pili ni dogo. Vile vikopo vyeupe vya krimu ya uso nilivyokupa Idi ya mwaka juzi, na kuendelea kukutumia kila baada ya miezi miwili, usivitumie tena. Muda wake umekwisha. Kama unavyo, vitupe leo, usimpe mtu.

Ile kazi niliyokuwa nikiifanya na Herlina tangu tumalize chuo nimeiacha. Sina sababu ya maana ya kukueleza. Siku hizi kitu cheupe kinanitia kichefuchefu. Jana nimeshindwa kula supu kwa sababu tui lilikuwa limeganda juu, na nililitazama mpaka likaanza kufanana na kitu kingine.

Niandikie.

Mahrita


Lok Rawa, 19 Februari 2019

Mahrita, galuh wangu, binti yangu,

Ni kweli simu imetumbukia, na si mtoni hivi hivi, ni kwenye kitundu cha choo chetu cha juu ya maji. Nilichuchumaa, ikateleza, nikasikia chubwi. Watu wakaniambia tafuta mpiga mbizi. Nikawaambia marehemu mume wangu nilimpenda, lakini pale hata yeye nisingemfuata. Kwa hiyo tusahau simu.

Vikopo vyako? Mimi na krimu wapi na wapi. Nilishukuru, nikaviweka kabatini, panya ndio wamekuwa warembo. Uso wangu ni poda yangu baridi ya mchele tu, unajua. Wateja wananiambia, "Arbayah, tuuzie hiyo hiyo unayopaka wewe," nami nawauzia hiyo hiyo.

Mchele wa sasa uko siku ya kumi na mbili kwenye maji. Umefika pale unaponuka kuliko wakati wote, kama samaki aliyesahauliwa chini ya kitanda. Ungekuwa hapa ungejifunga shuka puani kama ulivyokuwa ukifanya ukitoka shule. Bado wiki nne za kuuosha na kuuosha.

Harusi ni tarehe 14 Aprili. Mimi si mwari, lakini Haji anataka yote: kufungiwa ndani, singo, nyungu. Nyungu ya maharusi kijijini hapa naipika mimi peke yangu, na siipiki ila kwa bibi harusi. Sasa ya kwangu atanipikia nani kama si wewe?

Halafu kuna jirani mmoja ananiuliza. Alikuwa akipaka krimu ya namna hiyo, aliyopewa na mtu wake. Akiacha ghafla, kuna neno lolote atalisikia? Wewe ndiye msomi.

Mama yako mdogo,
Arbayah


Banjarmasin, 25 Februari 2019

Mama mdogo,

Mwambie jirani yako aache leo na asirudie. Atawashwa siku kadhaa. Awashwe.

Nisamehe ukali, lakini wanaojichubua siwezi kuwaonea huruma. Nimewaona kwa karibu. Wanakuja na nyuso zinazong'aa kama sahani iliyopakwa mafuta, masikio rangi nyingine, shingo rangi nyingine, vidole vimebaki vyeusi kwenye maungio, na bado wanauliza, "Dada, hakuna yenye nguvu kidogo?" Nilikuwa nikinawa mikono kila nikishamaliza kuwahudumia. Mtu anayejichubua anajua anachokifanya. Ngozi ikimgeuka, amejitakia.

Bora wewe na mchele wako unaonuka. Niliposoma kwamba vikopo vyangu wamevila panya, nilikaa sakafuni nikacheka peke yangu. Sijui kama utaelewa nilivyoshukuru.

Nyungu nitakupikia. Nitafika tarehe 7 Aprili.

Mahrita


Lok Rawa, 24 Machi 2019

Mahrita,

Usije tarehe saba. Harusi imesogezwa. Nimemwambia Haji kwamba mchele wa poda ya harusi haujaiva na mimi siwezi kuolewa na poda ya kununua. Amekubali, ila amesema hajawahi kusikia mchele unaochelewa namna hiyo.

Yule jirani aliacha kama ulivyosema. Siku ya nne uso ukamwaka. Watu wa hapa tukasema hilo ni joto la ndani linatafuta pa kutokea, litolewe kwa jasho. Akapigwa nyungu siku tatu mfululizo, kafunikwa mikeka mitatu na blanketi juu yake, mchaichai, mdalasini, maganda ya ndimu, mpaka maji yakamwisha mwilini. Akasuguliwa singo ya manjano. Siku ya tatu ngozi ya mashavu ikatoka pamoja na singo, kama utando wa maziwa ya kuchemsha unapouvuta kwa kijiko.

Sasa yanamtoka maji ya njano yanayonata. Yakikauka yanavuta, akicheka panapasuka, kwa hiyo hacheki. Mchana anakaa ndani ya neti kwa sababu ya nzi. Inanuka, Mahrita. Na si harufu ya mchele, ile tumeizoea.

Anauliza kama bado ni kuwashwa siku kadhaa tu.

Arbayah


Banjarmasin, 27 Machi 2019

Mama mdogo,

Nyungu kijijini hapo unaipika wewe peke yako, na huipiki ila kwa bibi harusi. Uliniandikia hivyo mwenyewe. Na bibi harusi wa Lok Rawa kwa sasa ni mmoja.

Karatasi uliyoniandikia ina doa la njano kwenye pembe. Nimeligusa, likanata. Nimeandika barua hii mara nne.

Muda wa krimu ile haukuwa umekwisha. Ilikuwa mpya. Nitakueleza ilivyotengenezwa, na usome mpaka mwisho hata ukitapika.

Nyuma ya chumba cha kupanga cha Herlina kuna bafu. Tulikuwa na ndoo ya plastiki, ile ya kufulia, na mwiko wa kupikia uji. Losheni nzito ilikuja kwenye pipa lisilo na jina. Ndani yake tulikamua mirija ya dawa ya steroidi, ile kali ambayo daktari humpa mgonjwa kwa siku chache na kumwonya. Sisi tulikamua mirija sitini kwa ndoo moja. Halafu unga wa kung'arisha, sijui umetoka wapi. Halafu rangi ya njano kidogo ifanane na maziwa, na manukato ya waridi. Maji ya bafuni yaliturukia ndoo ikiwa wazi. Siku moja mende alizama, Herlina akamtoa kwa kijiko, akaendelea kukoroga. Nilimwona. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika kopo lililofuata.

Nilijua. Tulisomeshwa mwaka wa pili wa famasia: inaifanya ngozi iwe laini na nyeupe kwa sababu inaikondesha, na ngozi ikishazoea haiwezi tena kukaa bila hiyo. Nilipata alama ya juu kabisa kwenye mtihani huo.

Na hili ndilo nililoshindwa kuliandika mara tatu za kwanza. Nilivaa glovu. Miaka miwili sijawahi kupaka hata tone kwenye uso wangu mwenyewe. Wako nilikuwa nakuchagulia kopo lililojaa zaidi.

Nilipoandika kwamba mtu wa namna hiyo amejitakia, nilikuwa nakuandikia wewe.

Jana nilikwenda kwa daktari wa ngozi. Kosa langu la pili ni kukuambia uache ghafla. Amesema haiachwi hivyo, inashushwa ngazi kwa ngazi. Natuma na nahodha mrija mdogo wa dawa dhaifu. Ni ya daktari, ina jina lake na lako juu. Utapaka nyembamba mara moja kwa siku, wiki mbili. Kisha siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kisha kila siku ya tatu. Kisha mara mbili kwa wiki, mpaka ngozi isiulize tena. Hii ni safari ya miezi. Nyungu acha. Manjano, ndimu, chumvi, viungo vyote acha. Kitambaa safi cha maji baridi, basi. Panapochuruzika usiweke poda. Pakishafunga, siku za kupumzika utaweka poda yako ya mchele, ile tupu isiyo na kiungo. Mganga wa zahanati ya hapo ameshaambiwa, atapita kukutazama kila wiki. Usimfungie mlango.

Niruhusu nije.

Mahrita


Lok Rawa, 16 Aprili 2019

Mahrita,

Barua yako nimeisoma mara moja, nikaifunika chini ya mtungi wa mchele. Wiki mbili nimekuwa nikipita pale nikiuangalia mtungi kama kuna nyoka.

Mende nimemsamehe. Nimekula mende wangapi kwenye sukari ya kibanda bila kujua. Glovu ndiyo imekwama hapa, kooni. Nikifumba macho naziona. Nyeupe, eti?

Unakumbuka ulichosema Idi ile? Uliniwekea kopo kiganjani mbele ya wageni ukasema, "Chukua, mama mdogo, walau uso wako usinuke mchele uliooza." Wageni wakacheka. Mimi pia nilicheka. Niliipaka jioni ile ile. Wiki ya pili muuza samaki akaniuliza kama nina dada mdogo. Nina miaka arobaini na saba, Mahrita, hakuna aliyeniuliza neno kama hilo tangu nizikwe ujanani kwenye ndoo za mchele. Nikawa napaka krimu yako chini, poda yangu juu. Wateja wakatazama uso wangu wakanunua poda. Niliwaambia ni hiyo hiyo. Kwa hiyo usijione mwongo peke yako, na hilo silisemi ili likuliwaze. Linanichefua.

Mganga amekuja. Nilimfungia mlango mara ya kwanza. Mara ya pili alikaa ngazini, akasema, "Mama, mimi nimeshaona vidonda vya kisukari leo asubuhi, wewe hutanitisha." Nikamfungua. Mrija nautumia, nyembamba kama ulivyosema. Naufuata kwa sababu ya daktari, si kwa sababu yako.

Usije. Sitaki unione, na sitaki kukuona.

Lakini fanya hivi. Nunua mchele, kilo mbili, uloweke humo humo chumbani kwako. Badilisha maji kama ulivyofundishwa utotoni ukakataa kujifunza: usiuguse wiki ya kwanza, kisha kila siku. Usivae kitu mkononi. Usifunge pua. Ukishindwa kuuvumilia, ndipo uniandikie kwamba umeshindwa.

Arbayah


Banjarmasin, 20 Juni 2019

Mama mdogo,

Sikushindwa, ndiyo maana sikuandika.

Siku ya tisa wapangaji wenzangu walimwita mwenye nyumba. Alikuja akidhani paka amefia darini. Nilimwonyesha ndoo. Akasema, "Binti, wewe si ndiye mwenye digrii?" Nimehamishiwa stoo, karibu na tangi. Kuna joto, na harufu inakaa humo kama mtu wa tatu chumbani.

Siku ya kumi na tatu nilitapika. Povu lilikuwa la kijivu, na nilipotia mkono mchele ulikuwa laini, ukipondeka kati ya vidole kama kitu kilichokuwa hai. Nilitaka kunawa kwa sabuni. Nilinawa kwa maji tu, nikala chakula changu kwa mkono huo huo, kwa sababu nilijiambia kwamba mtu aliyekula kwa mikono iliyotoka bafuni kwa Herlina hana haki ya kuchagua. Harufu iliingia kwenye nywele. Dukani watu wanasogea. Nilikuwa na miaka kumi na moja wenzangu wa shule waliposogea hivyo mara ya mwisho, na nilikuchukia wewe badala yao.

Nilikuwa na orodha ya wateja niliowauzia kwa mkono wangu. Nimekwenda kwa kila mmoja niliyempata, pamoja na karatasi ya daktari, nikawaeleza wasiache ghafla, waende zahanati. Mmoja alinitemea mate kwenye kiatu. Mmoja alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akanong'ona, "Sawa dada, lakini kwani huna kopo moja la mwisho?" Huyo ndiye ninayemwota.

Herlina ameendelea. Nimekwenda kuandikisha maelezo yangu kwa wakaguzi wa dawa, na jina langu nimeliweka juu, kabla ya lake. Wameniambia nitaitwa.

Mchele umeiva baada ya siku arobaini. Sikuamini. Maji ya mwisho yalikuwa safi kama ya kunywa, na vidonge vya poda nilivyoanika havina harufu kabisa. Nimeviweka puani mara nyingi, nikitafuta. Nimeloweka mwingine.

Idi imepita na sikukupigia hodi. Uso ukoje? Nijibu neno moja tu.

Mahrita


Lok Rawa, 3 Agosti 2019

Galuh,

Neno moja halitoshi, na wewe unajua mimi sina neno moja.

Mei ilikuwa mbaya. Siku za mapumziko ngozi ilidai dawa kama mlevi anayegonga mlango wa baa. Mara mbili niliamka nikakuta mkono wangu unatafuta kopo kabatini, kopo nililokwisha kulitupa mtoni. Mganga akasema tusiruke ngazi, turudi moja nyuma. Tukarudi. Juni siku moja ndiyo, siku moja hapana. Julai kila siku ya tatu, kisha mara mbili kwa wiki. Leo ni siku ya kumi na moja sijapaka dawa yoyote. Asubuhi kitambaa cha maji, kisha poda tupu ya mchele, nyembamba. Inapoza, basi. Haing'arishi kitu. Nilikuwa nimesahau kwamba kazi yake ndiyo hiyo tu.

Uso wenyewe ni huu. Nimerudi kuwa mweusi, madoa madoa, kama ukuta uliopigwa chokaa na watu wawili wasiosemezana. Mashavuni kuna mishipa myembamba myekundu, mganga anasema hiyo huenda isiondoke. Ngozi chini ya macho ni nyembamba hata naogopa kuifuta. Nikijitazama bado nachukia. Siku nyingine nachukia kidogo.

Haji alikuja Ijumaa. Nilimkataza, akaja na samaki wa kuoka na wali wa majani, akakaa barazani. Mimi nikawa nyuma ya pazia.

"Arbayah, mchele umeiva?"

"Haukuwa mchele, Haji. Ni uso. Nimejichubua miaka miwili, umeniharibika. Wewe ni mtu wa kutazama kasoro kwa kioo kutwa nzima. Nenda zako kwa amani."

Nikasikia sahani ikiwekwa chini. Akasema, "Tokeza mkono." Nikatoa mkono nje ya pazia, akaniwekea kitu kiganjani, kimelowa, kina joto. Nikakitazama. Meno, Mahrita. Meno yake yote ya juu, na ufizi wake wa waridi, na mwiba wa samaki umekwama kati ya mawili.

"Hayo nimeyaficha tangu shiku ya posha," akasema. Alitaka kusema posa, bila meno haikutoka. "Shasha tokezha usho."

Nilichefukwa kuliko nilivyochefukwa mwaka huu mzima, na mwaka huu si mdogo. Nikacheka mpaka shavu likaniuma, lakini halikupasuka. Nikatoka. Alinitazama bila kioo. Akasema, "Nirudishie, au wataka nishindwe kula?"

Harusi ni tarehe 22 Septemba. Nyungu hakuna. Singo hakuna. Poda ya harusi nataka ile uliyoloweka wewe, ya pili, mkono wako umeshazoea. Siku mbili kabla, uje nayo. Utanipaka mwenyewe, kwa vidole vitupu.

Sijakusamehe yote. Lile la glovu bado liko chini ya mtungi, na huenda nikazikwa nalo. Lakini ndoo za mchele nimezihamishia ukumbini, na pahala pako pa kulala nimepafagia.

Sasa la mwisho. Simu haikutumbukia popote. Ilikuwa ndani ya gunia la mchele tangu Januari, wiki ambayo ulinipigia simu ya picha nikajiona, mishipa imeanza kutokeza, nawe ukasema, "Mama mdogo, mbona unang'aa hivyo." Niliona aibu nikaifukia.

Nimeitoa, nimeichaji. Kesho baada ya alasiri nipigie, ile ya picha. Nitakaa dirishani penye mwanga na sitakuwa nimepaka kitu. Usiseme pole na usilie. Nitazame tu, mpaka nikuambie basi.

Mama yako mdogo,
Arbayah